Kumlipa muuzaji wa ng'ambo: mambo ya kujua kabla pesa hazijatoka

"Nimetuma pesa Jumatatu, leo ni Alhamisi, na mwenye mzigo kule Guangzhou anasema hajaona kitu. Mbona kwa simu pesa hufika hata kabla sijaweka simu mfukoni?"

Swali hili tunaulizwa mara nyingi sana na wateja wetu wenye biashara. Wengi wako Kamukunji, Nyamakima au Eastleigh. Walianza kwa kununua mzigo kwa watu wa jumla hapa nchini, biashara ikakua, na sasa wanaagiza wenyewe kutoka China, Dubai au Uturuki. Kutuma kwa simu wanakujua vizuri. Siku ya kwanza wanapoingia benki kumlipa mtu aliye ng'ambo, wanakuta mambo ni tofauti kabisa.

Na hapa hatuzungumzii pesa za kununua maziwa. Mara nyingi huo ndio mtaji wote wa miaka, au mkopo wa chama ambao wenzako wanausubiri. Kwa hivyo tukae chini tuelezane polepole.

Pesa zenyewe hazisafiri

Unapomtumia mtu pesa kwa simu, wewe na yeye mko kwenye daftari moja. Mfumo unapunguza upande wako na kuongeza upande wake, basi. Ndiyo maana huchukua sekunde chache.

Benki yako ya Nairobi na benki ya muuzaji wako Guangzhou haziko kwenye daftari moja, na mara nyingi hata hazijuani. Kinachofanyika ni kwamba benki yako ina akaunti yake ya dola katika benki nyingine kubwa, kwa kawaida huko New York. Unapolipa kwa dola, benki yako inatuma ujumbe kwa benki hiyo: toa kiasi hiki kwenye akaunti yetu, mpelekee fulani. Ujumbe unaweza kupita kwa benki moja ya katikati, au mbili, kabla ya kufika kwa benki ya muuzaji.

Ujumbe huo hupita kwenye mtandao unaoitwa SWIFT. Ulianzishwa mwaka wa 1973, makao yake yako Ubelgiji, na unaunganisha zaidi ya taasisi 11,000 katika nchi na maeneo zaidi ya 200. Watu wengi hudhani SWIFT ndiyo inayobeba pesa. La. SWIFT inabeba maagizo tu. Pesa zinabadilika kwenye vitabu vya benki, moja baada ya nyingine.

Sasa unaona kwa nini siku zinaenda. Nairobi ikifungua benki saa tatu asubuhi, Guangzhou ni saa nane mchana tayari, na New York bado wamelala. Ongeza wikendi na sikukuu: China hufunga siku kadhaa kuanzia tarehe 1 Oktoba na wakati wa mwaka mpya wao, na benki za Marekani hufunga tarehe 4 Julai. Ukituma Ijumaa jioni, usitarajie habari kabla ya wiki mpya kuanza.

Tena kila benki iliyo njiani inakagua malipo ili kuzuia utakatishaji wa pesa. Ukiandika sababu ya malipo kuwa "bidhaa" tu, unaialika benki ikusimamishe na kuuliza maswali. Andika wazi: vyombo vya plastiki vya jikoni, nambari ya invoisi, tarehe. Benki yako pia itataka kuona invoisi yenyewe. Usikasirike, hilo ni sharti la kawaida.

Herufi moja inaweza kukugharimu

Kwa simu, kabla ya kuthibitisha, unaona jina la mpokeaji. Ukiona jina ni la mtu mwingine, unasimama. Kwa malipo ya ng'ambo usitegemee kinga hiyo. Usidhani benki ya kule italinganisha jina na nambari ya akaunti kwa niaba yako.

Kwa hivyo hakikisha haya wewe mwenyewe:

- Nambari ya SWIFT. Huwa na herufi na tarakimu 8 au 11. Nne za kwanza ni za benki, mbili zinazofuata ni za nchi, mbili nyingine ni za mahali, na tatu za mwisho, zikiwepo, ni za tawi. Angalia zile mbili za nchi. Kampuni ya China inapaswa kukupa CN, ya Dubai AE, ya Uturuki TR. Kampuni ya Guangzhou ikikupa nambari yenye nchi nyingine, uliza kwanza. Huenda ina akaunti Hong Kong, ambako herufi ni HK, na hilo si geni. Lakini uliza.
- IBAN. Nchi nyingine hutumia nambari ndefu ya akaunti inayoitwa IBAN. Ya Dubai huanza na AE na ina herufi na tarakimu 23. Ya Uturuki huanza na TR na ina 26. China haitumii IBAN, na hata sisi Kenya hatuitumii. Basi mtu akidai eti akaunti yake ya China ina IBAN, hapo kuna jambo.
- Jina la mwenye akaunti. Liwe lile lile la kampuni iliyo kwenye invoisi. Kampuni ikikuomba umlipe mtu binafsi "kwa sababu ni rahisi zaidi", simama hapo hapo.

Gharama ambayo haiko kwenye bango

Ukiuliza benki kutuma ni pesa ngapi, utatajiwa ada ya kutuma. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Kuna gharama nyingine mbili ambazo wengi hawaulizi.

Ya kwanza ni bei ya dola. Tuchukue mfano. Invoisi yako ni dola 8,000. Tuseme bei ya wastani siku hiyo ni shilingi 129.20, lakini benki inakuuzia kwa 131.20. Tofauti ni shilingi 2 tu, haitishi. Zidisha mara 8,000: ni shilingi 16,000, na hakuna risiti itakayokuonyesha kiasi hicho kama ada. Benki nyingine ikikuuzia kwa 130.20, umeokoa shilingi 8,000 kwa kupiga simu moja. Benki Kuu ya Kenya huchapisha viwango vya kubadilisha pesa kwenye tovuti yake. Viangalie kwanza, halafu uongee na benki. Ndiyo, bei ya dola inajadiliwa, hasa kama kiasi chako si kidogo.

Bei hiyo pia hubadilika kati ya siku unayoagiza na siku unayolipa. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Baadaye mwaka huo huo ilikuwa karibu 129. Mzigo wa dola 10,000 uliokuwa shilingi 1,600,000 ukawa shilingi 1,290,000. Safari hiyo aliyechelewa kulipa alibahatika. Ingekuwa kinyume, faida yote ya mzigo ingeyeyuka. Kama unaagiza mara kwa mara, uliza benki kuhusu akaunti ya dola, au mkataba wa kufunga bei leo kwa malipo ya miezi ijayo. Na kwa wanaonunua China, baadhi ya benki hapa zinaweza kulipa kwa yuan moja kwa moja. Mwombe muuzaji akupe bei kwa dola na kwa yuan, kisha ulinganishe.

Gharama ya pili ni makato ya benki za katikati. Kwenye fomu utaona chaguo tatu: OUR, SHA na BEN. OUR maana yake ada zote ni zako. SHA ni kugawana: wewe unalipa benki yako, na ada za njiani zinakatwa kwenye pesa zenyewe. BEN ni kwamba mpokeaji anabeba ada zote. Wengi huweka alama kwenye SHA bila kujua, dola 8,000 zinafika zikiwa 7,975, na muuzaji anakataa kuachilia mzigo hadi dola 25 zilizobaki zilipwe. Kutuma hizo dola 25 tena kunaweza kukugharimu zaidi ya dola 25 zenyewe! Kama mlikubaliana afikiwe na kiasi kamili, chagua OUR.

Ulipe kabla au baada?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Ukilipa yote mapema, hatari yote ni yako. Muuzaji akituma mzigo kabla hujalipa, hatari yote ni yake. Ndiyo maana wengi wanaonunua China hukutana katikati: asilimia 30 ya kuanza kazi, na asilimia 70 mzigo ukiwa tayari, au muuzaji akishaonyesha nakala ya hati ya meli, ile tunayoiita BL. Wengine humlipa mtu wa tatu aende kiwandani akakague mzigo kabla ya ile asilimia 70 kutoka. Tunaona hiyo ni pesa iliyotumika vizuri.

Kwa mzigo mkubwa kuna barua ya dhamana ya malipo, ambayo wafanyabiashara huiita LC. Hapa benki yako inamwahidi muuzaji kwamba atalipwa akileta hati zote mlizokubaliana: invoisi, hati ya meli, cheti cha ukaguzi na kadhalika. Muuzaji anatulia kwa kuwa ahadi ni ya benki, nawe unatulia kwa kuwa hakuna hati, hakuna pesa.

Lakini shika hili: benki inakagua hati, haifungui maboksi. Hati zikiwa sawa, benki italipa hata kama ndani ya kontena kuna vyombo vilivyopasuka. Ndiyo sababu cheti cha ukaguzi kinafaa kiwe kati ya hati unazodai. LC pia ina ada zake, na huenda benki ikataka uweke dhamana au pesa taslimu kwanza. Kwa mzigo wa dola 3,000 huenda isikufae. Kwa kontena zima, piga hesabu.

Ile barua pepe ya "tumebadilisha akaunti"

Sasa tufike mahali watu wanapolia. Umefanya kazi na muuzaji mwaka mzima, mmezoeana. Siku moja inaingia barua pepe: akaunti yetu ya zamani inakaguliwa, tafadhali lipa kwa hii mpya. Nembo ni ile ile, jina la mtu unayemjua liko chini. Unalipa. Wiki mbili baadaye muuzaji wa kweli anakuuliza, "Pesa ziko wapi?"

Hapo mwizi alikuwa ameingia kwenye barua pepe zenu, au alifungua anwani inayofanana na ya muuzaji, herufi moja tu imebadilishwa. Usidhani ni wajinga pekee wanaonaswa. Mwaka wa 2023, FBI ya Marekani ilipokea malalamiko ya wizi wa aina hii yenye hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Akaunti ikibadilika, mpigie muuzaji kwa nambari uliyokuwa nayo *zamani*, si ile iliyo kwenye barua hiyo. Zungumza naye umsikie, ikiwezekana umwone kwa video. Akusomee nambari ya akaunti kwa mdomo wake. Hata ukitanguliza kiasi kidogo cha kujaribu, usikubali uthibitisho wa barua pepe, kwa sababu mwizi naye atakuandikia, "Asante, zimefika."

Na ukishagundua umeibiwa, usingoje kesho. Piga simu benki saa hiyo hiyo waombe malipo yarudishwe, kisha uripoti DCI. Pesa zikishaingia kwenye akaunti ya mpokeaji, kwa kawaida benki yake haiwezi kuzirudisha bila idhini yake. Ndiyo maana kila saa ina maana.

Pesa zikichelewa

Kuchelewa peke yake si kupotea. Usilipe mara ya pili kwa hofu. Iombe benki yako nakala ya ujumbe wa malipo, ambayo wengi bado huiita MT103, pamoja na nambari ya kufuatilia inayoitwa UETR, yenye herufi, tarakimu na vistari 36. Mtumie muuzaji aipeleke benki yake. Kwa nambari hiyo, benki zinaweza kuona malipo yako yamekwama kwa nani na kwa nini. Mara nyingi utakuta kilichokosekana ni jibu la swali dogo tu.

Kwa simu tumezoea kutuma kwanza na kuuliza baadaye, kwa kuwa kosa likitokea tunaweza kuomba marejesho haraka. Malipo ya ng'ambo yanataka kinyume chake: maswali yote yaishe kabla pesa hazijatoka. Kabla ya kutia sahihi fomu hiyo, mpigie muuzaji. Dakika tano za simu, halafu tuma.