Mandari ya Familia Nayo Yataka Mpango

Hakuna askari asiyejua kwamba doria isiyopangwa huzaa hasara. Kabla kikosi hakijatoka, maswali huulizwa na kujibiwa: twendapo ni wapi, njia ni ipi, saa ya kufika ni ipi, maji yatatosha hadi lini, na mambo yakienda kombo tutarudi vipi. Hata safari ya saa mbili haianzi mpaka maswali hayo yamepata majibu. Lakini askari huyo huyo, akirudi nyumbani na kuombwa na wanawe siku moja ya matembezi, aghalabu hujibu kwa neno moja tu: "Tutaona." Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi waishio Kigali juu ya neno hilo, kwa kuwa wengi huliona dogo, ilhali lina uzito.

Kazi ya ulinzi haina saa. Sikukuu ambayo raia hupumzika ndiyo siku ambayo polisi husimama barabarani tangu alfajiri. Wanajeshi wa Rwanda nao wameitwa mbali na nyumbani: walipelekwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Jamhuri ya Afrika ya Kati kuanzia mwaka 2014, na Cabo Delgado nchini Msumbiji kuanzia Julai 2021. Mzazi aliyeondoka akamwacha mtoto anatambaa, hurudi akamkuta anakimbia. Na pengine mtoto huyo humchungulia kutoka nyuma ya kitenge cha mama yake, kama mtu anayemchungulia mgeni. Kwa mzazi wa namna hiyo, siku moja ya matembezi si anasa. Ndiyo siku ya kujulishana upya. Na "tutaona" iliyorudiwa mara tatu humfundisha mtoto kwamba neno la mzazi si la kutegemewa. Somo hilo likishaingia, kulifuta ni kazi ngumu.

Siku ya kwanza ya Disneyland

Katika nchi za mbali ziko bustani kubwa za burudani ambazo familia hujiandaa kuzitembelea kwa miezi mingi. Iliyo mashuhuri kupita zote ni Disneyland, iliyofunguliwa na Walt Disney tarehe 17 Julai 1955 katika mji wa Anaheim, jimbo la California, Marekani. Fedha zilizotumika zilikuwa nyingi, na mashine za kuchezea zilikuwa za ajabu. Hata hivyo siku ya kwanza ilikuwa ya fadhaa. Tiketi za bandia ziliingiza watu wengi kuliko walioalikwa. Lami iliyomwagwa muda mfupi kabla ya siku hiyo ililainika kwa jua kali, ikanasa visigino vya wanawake. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma, ikabidi kuchagua kati ya kumaliza vyoo na kumaliza mabomba ya maji ya kunywa. Vikachaguliwa vyoo, na watu wakapata kiu katika joto la Julai.

Tumelitaja jambo hilo si kwa kucheka. Twataka ionekane kwamba hata mwenye fedha na mashine, asipokadiria idadi ya watu, jua na maji, huharibikiwa. Kinyume chake, mwenye fedha kidogo aliyekadiria mambo hayo matatu aweza kuwapa wanawe siku wasiyoisahau. Hapa Kigali hatuna Disneyland. Wala hatuna bustani ya michezo ya maji mfano wa ile ya Kunduchi, Dar es Salaam. Tunachokisifu hapa ni kitu cha namna nyingine.

Nyandungu

Katika bonde la Nyandungu, mpakani mwa wilaya za Gasabo na Kicukiro, kando ya barabara kuu iendayo Kabuga na Rwamagana, iko bustani yenye ukubwa wa hekta 121. Zamani mahali hapo palikuwa kinamasi kilichochoka kwa kulimwa na kulishiwa mifugo. Kazi ya kukifufua ilianza mwaka 2016, na mwezi Julai 2022 bustani ikafunguliwa kwa watu wote. Ilipandwa miti zaidi ya 17,000 ya aina 55 za asili ya nchi. Yako mabwawa matano, bustani ya miti ya dawa, na njia za kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli zenye urefu wa kilomita 10 hivi. Iko pia sehemu iliyotengwa kwa ukumbusho wa Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeendesha ibada katika bonde hilo alipoizuru Rwanda mwezi Septemba 1990.

Faida yake kwa mtoto ni kubwa. Bonde lile hupokea maji ya mvua yateremkayo kutoka vilimani, huyapunguza kasi na kuyachuja. Mzazi aweza kumwonyesha mwanawe jinsi majani na matope yanavyofanya kazi ya kuulinda mji na mafuriko; kazi ya ulinzi isiyo na bunduki. Anayependa ndege atawaona wengi. Na mwenye watoto waliokwisha kuifahamu Nyandungu, aweza kuwapeleka Umusambi Village, kituo cha hekta 21 kinachowatunza korongo wenye kishungi cha dhahabu waliookolewa kutoka katika nyumba na hoteli walikofugwa, na ambao kwa ulemavu hawawezi tena kurudi porini.

Kuchagua siku

Kalenda ya Kigali yataka kusomwa kwa makini. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Aliyepanga kutoka asubuhi hiyo amepanga kushindwa. Jumapili mbili za kila mwezi baadhi ya barabara hufungwa asubuhi ili watu wakimbie na kutembea pasipo magari, desturi iliyoanza mwaka 2016. Siku hiyo familia ya raia hufurahi, lakini polisi wa barabarani huwa kazini. Tangu tarehe 7 Aprili taifa huwa katika juma la maombolezo, kukumbuka mauaji ya kimbari yaliyofanywa dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Siku hizo si za mandari. Tena masika ya Machi hadi Mei hunyesha kwa nguvu, na vuli hurudi kuanzia Septemba hadi Desemba.

Zikishaondolewa siku hizo, hubaki nafasi nzuri kuliko zote: miezi ya Julai na Agosti. Ndiyo kiangazi, na ndiyo likizo ndefu ya shule. Faida yake kwa askari ni kwamba hahitaji kungoja Jumapili. Siku yake ya mapumziko ikiangukia Jumanne, watoto wapo nyumbani, na bustani haina msongamano.

Fedha

Fedha ya matembezi isitafutwe asubuhi ya matembezi. Askari wa Rwanda ana bahati ya kuwa na Zigama CSS, chama cha kuweka na kukopa cha wanajeshi, polisi na askari magereza, kilichoanza mwaka 1997. Na jina lenyewe, kwa Kinyarwanda, lamwambia mtu aweke akiba. Sisi hatushauri kukopa kwa ajili ya mandari. Twashauri kutenga kiasi kidogo kila mwezi tangu Januari, kiandikwe, na watoto waonyeshwe daftari. Mtoto aliyeiona akiba ikikua hataomba kila kinachouzwa getini, kwa sababu ajua kilichomo mfukoni.

Mambo ya kuhesabiwa ni manne: nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, chakula, na akiba ya dharura isiyoguswa. Yafaa kuulizia mapema kiingilio cha mkubwa na cha mtoto, na kama chakula cha nyumbani huruhusiwa kuingizwa. Aliyeuliza haaibiki mbele ya wanawe.

Njia na mizigo

Pikipiki ya abiria hubeba mtu mmoja. Haifai kwa familia. Mabasi ya kutoka Remera kwenda upande wa Kabuga hupita barabara hiyo, na familia zikaazo Kanombe ziko jirani. Aendaye kwa gari asiwashindilie watoto wanane mahali pa watoto watatu. Polisi ya Taifa imekuwa ikihimiza Gerayo Amahoro, yaani "fika kwa amani", tangu mwaka 2019. Itakuwa ajabu askari aihubiri kampeni hiyo siku sita, kisha aivunje siku ya saba akiwa na wanawe.

Mizigo iwe michache: maji ya kutosha, vitafunio, kofia za jua, sweta kwa baridi ya asubuhi, nguo moja ya kubadili kwa kila mtoto mdogo, na dawa ya vidonda. Vyote vitiwe katika vikapu, kwa maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2008. Mzigo ugawanywe. Si haki mama apike tangu usiku, abebe mtoto mgongoni na kikapu mkononi, kisha baba atembee mikono mitupu kama mkaguzi wa gwaride. Na pale ambapo mama ndiye askari, baba naye ajue kwamba siku hiyo mkewe atoka katika zamu, si katika mapumziko.

Mkishafika

Kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa bwawa, watoto waonyeshwe mahali pa kukutania mtu akipotea: mti fulani mkubwa, au lango lenyewe. Kila mtoto awe na kipande cha karatasi mfukoni chenye namba ya simu ya mzazi. Kila mhamapo, hesabuni watu, kama kikosi kinavyohesabiwa. Penye maji, mkubwa mmoja awe zamu ya kuwatazama wadogo, na zamu ipokezanwe kwa maneno, ili asitokee wa kusema, "Nilidhani wewe unawaangalia." Ajali nyingi za watoto huzaliwa katika sentensi hiyo.

Pili, usijaribu kuona yote. Miguu ya mtoto wa miaka mitano haina kilomita 10. Chagueni mambo matatu, mtoto mmoja achague la kwanza na mwingine la pili. La tatu na liwe kukaa kivulini na kula. Rudini wangali wanataka kubaki.

Tatu, cheo kiachwe nyumbani. Nguo ziwe za kiraia. Penye foleni, askari apange foleni. Kitambulisho cha kazi si tiketi. Mtoto amwonaye baba yake akiwapita watu kwa cheo hujifunza jambo baya kwa haraka kuliko mema yote aliyoambiwa. Wala amri za kambini zisitumike bustanini. Mtoto ajua kwamba baba au mama ni afande. Siku hiyo yeye amtaka mzazi tu.

Mpango wa akiba

Twaja sasa kwenye jambo ambalo bila hilo yote tuliyosema ni bure. Askari aweza kupanga vema, na usiku wa kuamkia siku yenyewe akaitwa kazini. Hapo wengi hukata tamaa, wakarudia "tutaona" kwa kuogopa kuahidi. Twasema kwamba dawa ya ahadi inayoweza kuvunjika si kuacha kuahidi. Dawa yake ni kuahidi kwa ukamilifu. Mtoto aambiwe hivi: "Tutakwenda Jumanne ya tarehe kumi. Nikiitwa kazini, tutakwenda Alhamisi ya tarehe kumi na tisa. Nikiitwa tena, mama na mjomba watawapeleka, nami nitasikiliza habari zenu zote jioni." Maneno hayo ni mpango wenye njia ya pili na ya tatu, kama ufundishwavyo katika vyuo vyetu vya kijeshi. Mtoto aweza kuvumilia kuahirishwa. Asichoweza kukivumilia ni kutojua.

Vivyo hivyo kwa mvua. Ikinyesha siku ya safari, familia isikae dirishani ikinung'unika. Pale Nyarugenge iko nyumba ya makumbusho yenye jina la Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha makao ya utawala ya Kigali mwaka 1907. Humo watoto waweza kuona mji wao ulikotoka, wakiwa chini ya paa.

Na wakuu wa vikosi wana sehemu yao. Orodha ya zamu ikitolewa mapema, nyumba nyingi zaweza kupanga. Ikitolewa jioni kwa ajili ya kesho, hakuna nyumba iwezayo. Kamanda akitaka askari atulivu zamuni, na akumbuke kwamba utulivu huo huanzia mezani pa chakula cha nyumbani.

Ndugu zetu, mji wa Kigali waendelea kuyafufua mabonde yake. Mwaka 2024 kazi kama ile ya Nyandungu ilianzishwa katika mabonde mengine matano, likiwamo la Gikondo na la Nyabugogo. Nyandungu yenyewe ilichukua miaka sita, tangu kuanza kazi hadi kufunguliwa. Siku moja ya mandari haitaki miaka sita. Yataka daftari, tarehe mbili, na mzazi atimizaye alilosema. Usiku wa leo, kabla ya zamu, fungueni kalenda pamoja na watoto, na mtoto mwenyewe aizungushie tarehe duara kwa mkono wake.