UCHUNGU HAUMNGOJI BABA ATOKE KAZINI



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya mama aliye katika miezi ya mwisho ya uja uzito, ambaye mume wake hashindi nyumbani kwa sababu ya kazi. Familia za namna hii ni nyingi katika parokia zetu. Yupo baba mlinzi, anayeingia lindo saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi. Yupo dereva wa lori anayepeleka mizigo Tunduma na kulala njiani siku kadhaa. Yupo mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani, mchimbaji anayelala machimboni, na kondakta wa daladala anayeondoka alfajiri na kurudi watoto wamekwisha kulala.

Akina baba hawa wasilaumiwe kwa kutafuta riziki. Mara nyingi ni mtoto huyo anayetarajiwa ndiye anayewafanya waongeze saa za kazi, maana wanajua matumizi yanakuja. Lakini liko jambo moja ambalo sisi wauguzi tunalisikia mara kwa mara wodini. Mama analetwa usiku wa manane akiwa amechoka, uchungu umemshika tangu asubuhi, au damu imekwisha kutoka nyingi. Tukiuliza mbona mmechelewa, jibu ni hili: "Tulikuwa tunamsubiri baba arudi."

Ndugu wasomaji, baba kuwa kazini peke yake hakuleti hatari kubwa. Hatari kubwa ni uamuzi kumngoja yeye.

KUCHELEWA KWA NAMNA TATU

Wataalamu wa uzazi hutaja kuchelewa kwa namna tatu kunakosababisha vifo vya akina mama. Kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Pili ni kuchelewa kufika, kwa kukosa usafiri au kwa ubovu wa njia. Tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Huko kwa kwanza kunaanzia nyumbani, na ndiko familia yenyewe inakoweza kukuondoa bila kumngoja mtu mwingine.

Katika nyumba nyingi mwenye neno la mwisho ni baba. Ndiye mwenye fedha, na ndiye anayeogopwa kuulizwa baadaye, "Nani alikuruhusu?" Akiwa hayupo, mama mkwe anasita, jirani naye anaona si mahali pake kuamua, na mama mjamzito mwenyewe anajikaza. Wakati huo saa zinakwenda. Yafaa tujue kwamba mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa 2 tu. Hakuna zamu ya kazi inayomalizika upesi kiasi hicho.

MWILI WA MAMA KATIKA MIEZI YA MWISHO

Baba anayerudi usiku na kumkuta mkewe amelala huku chakula hakijaiva, pengine hufikiri ni uvivu. La hasha. Kuanzia mwezi wa saba mwili wa mama hufanya kazi kubwa hata anapokuwa ameketi. Damu yake imeongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kabla ya mimba, na moyo unalazimika kuisukuma yote. Tumbo la uzazi linasukuma mapafu juu, ndiyo maana mama anahema akipanda mlima mdogo. Linabana tumbo la chakula, naye anapata kiungulia. Linabana kibofu, naye anaamka mara tatu au nne usiku kwenda haja ndogo. Mgongo na nyonga huuma kwa sababu viungo vinalegea kujiandaa kwa uzazi.

Hayo yote ni ya kawaida. Dawa yake ni kupumzika na kusaidiwa. Mama afanye hivi:

a) Alale kwa ubavu, hasa wa kushoto, wala asilale chali. Akilala chali, tumbo hukandamiza mishipa mikubwa ya damu na mtoto hupata hewa pungufu.

b) Apumzike mchana walau saa 1, miguu ikiwa imeinuliwa juu ya mto.

c) Aongeze mlo mmoja mdogo kwa siku. Maharage, dagaa, mayai, mchicha, matembele na matunda yanapatikana sokoni kwetu. Vidonge vya kuongeza damu avimeze kila siku kama alivyoagizwa kliniki, wala asivimeze kwa chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

d) Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila siku, na ameze dawa za kuzuia malaria anazopewa kliniki.

e) Asikose kliniki hata kama anajisikia vizuri. Shinikizo la damu linaweza kupanda bila mama kusikia dalili yoyote.

BABA AFANYE NINI NA MUDA WAKE MCHACHE?

Ndoo moja ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mama akichota ndoo sita kwa siku, amebeba kilo 120, juu ya mzigo ule alio nao tumboni. Kwa hiyo siku ya mapumziko, baada ya Misa, baba ajaze mapipa, apasue kuni, apeleke mahindi mashineni. Hakuna aibu hapo. Watoto wakubwa, wa kiume kwa wa kike, wapangiwe kazi zao ili mama asibaki na kila kitu.

Baba anayerudi usiku amechoka hawezi kufanya mengi, lakini anaweza kuuliza maswali matatu kabla hajalala:

1. Je, mtoto amecheza leo kama kawaida yake?
2. Je, kichwa kinakuuma, au macho yanaona giza?
3. Je, umeona damu au maji yakitoka?

Aliye safarini aulize hayo hayo kwa simu. Maswali haya huchukua dakika 5 tu. Yanamwonyesha mama kwamba hayuko peke yake, na yanaweza kufichua hatari mapema.

Tusisahau pia moyo wa mama. Kukaa peke yako usiku ukiwa mzito, huku ukiogopa uchungu utakushika lini, si jambo dogo. Machozi ya hapa na pale ni ya kawaida. Lakini mama akikosa usingizi siku nyingi hata anapopata nafasi ya kulala, akachukia chakula, akaona maisha hayana maana, huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Amweleze muuguzi kliniki, asione haya.

DALILI ZA HATARI

Kila mtu nyumbani, hata mtoto wa miaka kumi na miwili, azijue dalili hizi. Mojawapo ikitokea, mama apelekwe hospitali wakati ule ule, awe baba yupo au hayupo:

- kutokwa na damu ukeni, hata kama hakuna maumivu;
- kuumwa sana kichwa, kuona maruweruwe, au kuvimba uso na mikono;
- degedege au kupoteza fahamu (hicho ni kifafa cha mimba, si pepo wala kulogwa);
- maumivu makali ya tumbo yasiyoachia;
- homa kali, au kuhema kwa shida;
- chupa kupasuka, hata kama uchungu haujaanza, na hasa maji yakiwa ya kijani;
- mtoto kupunguza kucheza au kuacha kabisa.

Juu ya hili la mwisho, wengine husema mtoto hupunguza kucheza kwa kuwa siku zimekaribia. Si kweli. Mtoto mzima hucheza hadi siku ya kuzaliwa. Akipunguza, mama aende kupimwa siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

MAKUBALIANO YA MWEZI WA SABA

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mimba ikifika mwezi wa saba, baba na mama waketi pamoja jioni moja na kupatana mambo yafuatayo. Wayaandike kwenye karatasi na kuiweka pamoja na kadi ya kliniki.

1. Ruhusa. Baba atamke mbele ya mama mkwe au jirani: "Mke wangu akishikwa na uchungu au akiona dalili ya hatari, msinisubiri. Mpelekeni, halafu mnipe habari." Maneno haya machache yanaweza kuokoa watu wawili.

2. Mahali pa kujifungulia. Mama wa mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyewahi kupasuliwa, aliyewahi kutokwa na damu nyingi, aliyezaa mara tano au zaidi, au mwenye shinikizo la damu, anafaa kujifungulia hospitali, si zahanati. Kama hospitali ni mbali, waulize kliniki kama ipo nyumba ya kusubiria uzazi karibu na hospitali, ili mama ahamie huko wiki mbili au tatu kabla.

3. Msindikizaji. Jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Wachague mwanamke mmoja atakayeamshwa saa yoyote ya usiku, na mwingine wa akiba kama huyo hayupo. Hapa ndipo Jumuiya zetu Ndogo Ndogo zinapopaswa kuonekana. Kiongozi wa jumuiya ajue ni mama yupi anakaribia kujifungua na mumewe yuko wapi.

4. Usafiri. Mwenye gari, bajaji au pikipiki aambiwe mapema, namba yake iandikwe, na nauli ya usiku ipatanwe kabisa. Pia upo mfumo wa Serikali uitwao m-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Mama mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipatwa na dharura, mtu hupiga namba 115 bila malipo ili kupatiwa usafiri. Namba hiyo iandikwe ukutani.

5. Fedha. Akiba iwekwe mahali ambapo mama anaweza kuifikia bila baba. Fedha iliyo kwenye simu ya baba, na baba yuko Tunduma, haimsaidii mama aliye na uchungu.

6. Damu. Wapatikane ndugu wawili wenye afya walio tayari kujitolea damu ikihitajika.

7. Vifaa. Kanga safi nne au tano, mpira wa kutandika kitandani, pamba, nguo za mtoto, beseni na sabuni. Viwe tayari ndani ya mfuko mmoja kuanzia mwezi wa nane, maana mtoto huweza kuzaliwa wakati wowote kati ya wiki ya 37 na ya 42, na pengine mapema zaidi.

8. Watoto wanaobaki. Ijulikane nani atalala nao. Wako akina mama wanaochelewa kwa sababu hawana wa kumwachia watoto.

SAA YA KUONDOKA

Uchungu wa kweli huja na kuachia, na kila mara unazidi nguvu na kukaribiana. Ute wenye damu kidogo nao ni dalili kwamba saa imekaribia. Uchungu ukija kila baada ya dakika 10, safari ianze. Aliyekwisha kuzaa, au anayekaa mbali, aondoke mara tu uchungu unapokuwa wa mpangilio, kwa kuwa mtoto wa pili na wanaofuata huja upesi. Mama asinywe dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu. Zinaweza kupasua tumbo la uzazi.

Baba aliyeajiriwa akumbuke pia haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa angalau siku 3 za likizo yenye malipo mtoto anapozaliwa, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Amweleze msimamizi wake mapema. Siku hizo si za kupokea pongezi kilabuni. Saa 24 za kwanza baada ya kujifungua zina hatari kubwa kwa mama na mtoto, na mama anahitaji mtu wa kumpikia, kumfulia na kuangalia kama damu inazidi.

Wapendwa, katika Injili ya Luka tunasoma kwamba Bikira Maria alikaa na Elizabeti karibu miezi mitatu. Zakaria mumewe alikuwepo, ila alikuwa bubu, hawezi kusema neno. Elizabeti hakuachwa peke yake kwa sababu hiyo. Jamaa yake alifunga safari akaja. Nasi katika jumuiya zetu tufanye vivyo hivyo kwa kila mama ambaye mumewe yuko kazini.

Basi jioni ya leo, kama nyumbani kwenu yupo mama mjamzito, chukueni karatasi na kalamu. Mkimaliza, mwonyesheni jirani yenu. Mungu awabariki, awape uzazi salama.