Kwa nini dizeli kuukuu hukataa kuwaka alfajiri

Katika nyanda za Kinangop, zilizo zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Julai huwakuta wachukuzi wa maziwa wakisukuma pikapu zilizogoma, huku mitungi ya wakulima ikisubiri kando ya barabara. Aghalabu lawama huiangukia betri.

Hata hivyo, injini ya dizeli haitumii cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ikapata joto la kuwasha mafuta. Chuma kikiwa baridi na ringi za pistoni zimelika, joto hilo hupotea. Ndiyo sababu injini nyingi za zamani ziliwekewa plagi za hita, moja kwa kila silinda.

Plagi hizo huungua mojamoja bila dereva kutambua, kwani injini ikishapata moto huwaka bila kuzihitaji. Kuzipima si kazi kubwa: waya unaoziunganisha huondolewa, taa ya majaribio ikafungwa kwenye ncha chanya ya betri, kisha waya wake wa pili ukagusishwa kila plagi. Ile isiyowasha taa imekufa.

Wapo wanaokimbilia kupuliza etha kwenye njia ya hewa. Ikikutana na plagi yenye moto, etha hulipuka kabla ya wakati na huweza kuvunja pistoni, hasara isiyolingana kamwe na bei ya plagi.

Plagi zikiwa nzima na moshi mweupe ungali unatoka stata inapozunguka, mafuta yanafika ila hayawaki. Mbano ndio wa kushukiwa. Pasipo moshi wowote, huenda hewa imepenya kwenye bomba usiku na dizeli ikarudi tangini.