Kirikuu: Hesabu ya mafuta ianzie kwenye mzigo

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta, na kwa mwenye kirikuu tangazo hilo ndilo linaloamua mwezi utakwendaje. Mwaka 2023 petroli ilivuka Sh3,000 kwa lita jijini Dar es Salaam, na tangu hapo hakuna anayejaza tangi bila kupiga hesabu. Bei ikibana, dawa hutafutwa kwanza kwenye injini: plagi mpya, kusafisha nozeli, vidonge vya kutia kwenye tangi, sumaku ya kufunga kwenye hozi ya petroli. Hoja yangu ni kwamba msako huo umeanzia mwisho. Gari la kazi si teksi wala gari la kwendea kanisani Jumapili. Kipimo chake ni mafuta yaliyotumika kufikisha mzigo, kilo kwa kilo, na anayeangalia kilomita kwa lita peke yake anaweza kusifia gari linalomtia hasara.

Tuanze na gari lenyewe. Kirikuu, ambayo kwa wengi ni Suzuki Carry ingawa Daihatsu Hijet na Honda Acty ni ndugu zake, imezaliwa na sheria ya Japani ya magari madogo. Tangu mwaka 1990 injini zake haziruhusiwi kuzidi sisi 660, na tangu 1998 urefu hauzidi mita 3.40 wala upana mita 1.48. Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 350. Gari tupu lina uzito wa kilo 700 hivi, maana yake mzigo halali ni nusu ya uzito wa gari. Hapo ndipo ilipo siri yake: injini ndogo, mwili mwepesi, na bodi inayobeba kingi ukilinganisha na chuma kinachoibeba. Lakini siri hiyo inafanya kazi pale tu bodi ina kitu. Kirikuu tupu inachoma petroli kumsafirisha dereva na bati.

Tuchukulie mfano wa hesabu. Kirikuu inatoka Dar es Salaam kwenda mkoani Pwani, kilomita 60, imebeba kilo 350 za bidhaa za dukani. Ikiwa na mzigo inakwenda kilomita 12 kwa lita, ikiwa tupu kilomita 15. Kwenda ni lita tano, kurudi mtupu ni lita nne, jumla lita tisa kwa kilo 350. Kwa tani moja hiyo ni karibu lita 26. Sasa fundi hodari aipunguzie gari hiyo ulaji wa mafuta kwa asilimia 10, jambo ambalo si dogo. Tani moja itahitaji lita 23. Lakini dereva akirudi na kilo 350 za mananasi ya Kiwangwa, safari nzima inakula lita 10 na imebeba kilo 700, yaani lita 14 kwa tani. Mzigo wa kurudi umegharimu lita moja ya ziada, basi. Hata akiupata safari moja kati ya mbili, wastani unashuka hadi lita 18 kwa tani. Unaweza kubadilisha tarakimu hizi upendavyo, ukaweka kilomita 10 au 14 kwa lita, na mpangilio wa majibu hautabadilika, kwa sababu sehemu kubwa ya petroli huenda kwenye kusukuma gari lenyewe na upepo ulio mbele yake.

Kuna watakaosema mzigo wa kurudi ni rahisi kuuandika gazetini. Kusubiri kwa saa tatu mananasi yavunwe ni kupoteza safari nyingine ya mjini, na aliyebeba samaki asubuhi hawezi kubeba mikate jioni. Ni kweli, na ndiyo maana hesabu ya lita moja ina faida. Dereva anayejua kwamba mzigo wa kurudi unamgharimu lita moja na muda wa kupakia anajua pia bei ya chini anayoweza kukubali bila kula hasara, na anajua ni muda gani wa kungoja unaoifuta faida hiyo. Kinachowakosesha wengi mzigo wa kurudi ni kwamba simu ya kuulizia hupigwa bidhaa zikishashushwa, wakati ilipaswa kupigwa kabla ya kuwasha gari. Wengine huukataa kwa sababu nauli inayotolewa ni nusu ya ile ya kwenda, kana kwamba kurudi mtupu ni bure.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama kipimo ni kilo, kwa nini tusizidishe? Mifuko saba ya saruji ya kilo 50 inatimiza kilo 350. Kila mtu ameona kirikuu imepakia 12 au 14, pua imeinuka na tairi za nyuma zimejificha chini ya bodi. Tukubali ukweli: kwa mafuta peke yake, hesabu iko upande wao. Mifuko 14 kwa safari moja inatumia petroli kidogo kuliko saba kwa safari mbili. Kinachofichika ni kwamba gharama imehamia kwingine. Klachi inayong'olewa mapema, springi zilizolala, beringi za magurudumu ya nyuma, matairi yanayopasuka kwa joto, vyote vinalipwa kwa fedha ileile iliyookolewa kwenye pampu. Na breki zilizokadiriwa kwa kilo 350 hazijui kwamba mteja alikuwa na haraka. Hili la mwisho halihitaji hesabu.

Baada ya mzigo unafuata mguu wa dereva, na hapa kuna ushauri unaozunguka ambao unastahili kusahihishwa. Wanasema panda gia haraka, injini izunguke polepole. Kwa gari lenye injini kubwa ni sawa. Injini ya sisi 660 hupata nguvu yake kamili ya kuvuta ikizunguka kati ya mara 3,500 na 4,000 kwa dakika, hivyo kuilazimisha gia ya tano kwenye kilima cha Kimara ikiwa imebeba ni kuitesa: dereva anakanyaga mpaka sakafuni, injini inamwagiwa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuichoma vizuri, na gari bado halipandi. Gia ya tatu iliyotulia inakula kidogo. Ushauri mwingine mbaya ni wa kutoa gia kwenye mteremko ili gari liteleze lenyewe. Kirikuu za kizazi cha 1999 na kuendelea zina mfumo wa nozeli unaoongozwa na kompyuta, na gari likishuka likiwa ndani ya gia huku mguu umeachia mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa. Ukitoa gia, injini inalazimika kupewa petroli ili isizime. Kwa zile za kabureta za miaka ya 1990 tofauti ya mafuta ni ndogo, lakini kuteremka na mzigo kwa kutegemea breki tupu ni hatari kwa zote.

Mwendo nao una bei yake. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100 upepo unaosukumwa unazidi kwa zaidi ya nusu, na uso wa kirikuu ni bapa kama ukuta. Wajapani wenyewe hadi mwaka 2000 waliyazuia magari haya kuzidi kilomita 80 kwa saa kwenye barabara zao kuu. Dereva atajibu kwamba muda ni fedha. Basi tuuhesabu muda: kwenye kilomita 30 za barabara iliyo wazi, mwendo wa 100 unachukua dakika 18 na mwendo wa 80 unachukua dakika 22 na nusu. Hizo dakika nne na nusu hupotea zote kwenye foleni ya kwanza ya mjini, tena injini ikiunguruma. Gari likipakiwa Kariakoo kwa robo saa halina sababu ya kuwaka. Wataalamu wa nishati wa Marekani walishapima wakaona kwamba kusimama kwa zaidi ya sekunde 10 kunatosha kufanya kuzima na kuwasha tena kuwe nafuu. Anayeogopa kuzima kwa sababu betri ni mbovu anahitaji betri.

Matairi yangeweza kuandikiwa makala yake. Kipimo cha Marekani ni kwamba kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote hupandisha ulaji wa mafuta kwa asilimia 0.2 hivi, kwa hiyo upepo ukipungua psi 10 ni asilimia mbili. Ni kidogo, lakini ni bure. Kosa kubwa zaidi ni aina ya tairi. Ubavuni mwa tairi sahihi la Carry nyingi pameandikwa 145R12 na 6PR, alama ya tairi la mzigo. Likifungwa la gari dogo la abiria kwa kuwa ni la bei ndogo, linajikunja chini ya mzigo, linapata moto, na moto huo ni petroli iliyolipiwa. Wakati huohuo mwenye gari amechomelea bengi la vyuma vizito kuzunguka bodi. Kilo 50 za chuma ni mfuko mmoja wa saruji usiolipiwa nauli, unaozunguka mjini mwaka mzima.

Kuhusu sumaku, vidonge na vifaa vya kufunga kwenye hozi, sitachukua nafasi kubwa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vya namna hiyo kwa miongo kadhaa na halikupata kinachopunguza mafuta kwa kiasi cha maana. Hata kichujio cha hewa, kipenzi cha ushauri wa gereji, kina habari mbili: kwenye kabureta kikiziba kinaongeza ulaji, lakini kwenye injini za nozeli utafiti wa mwaka 2009 wa wizara ya nishati ya nchi hiyo ulionyesha kinapunguza nguvu za gari bila kugusa mafuta sana. Kibadilishwe, ila kisipewe sifa isiyo yake. Na gesi asilia, inayofungwa hapa nchini na mafundi wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na wengine, inashusha bei ya kila kilomita kweli. Lakini mtungi una uzito, unakula nafasi ya bodi, na kirikuu ya gesi inayorudi tupu bado inarudi tupu.

Linabaki swali ambalo fundi hawezi kulijibu: kama haya yote yanajulikana, kwa nini hayafanyiki? Jibu liko kwenye hesabu, ile ya kila siku ambayo dereva humpelekea tajiri, yaani mwenye gari. Katika mkataba wa kawaida wa mdomo, dereva analipa petroli na tajiri analipa matengenezo. Tairi sahihi, ambalo lingepunguza petroli, linanunuliwa na tajiri, na faida yake inaingia mfukoni kwa dereva. Kuzidisha mzigo kunampa dereva nauli mbili kwa petroli ya safari moja, na klachi inamsubiri tajiri. Kila mmoja anafanya jambo la busara kwa mfuko wake na gari linaumia katikati. Watasema tajiri akilipa petroli dereva ataiuza njiani, na hofu hiyo ina msingi. Lakini kuna njia ya kati: gari lijazwe mpaka mdomo Jumatatu na Jumatatu inayofuata, daftari liandikwe kilomita, lita na kilo zilizobebwa, na kinachopungua kwenye lita kwa tani kigawanywe nusu kwa nusu. Mifuko inayozidi kilo 350 isihesabiwe kwenye daftari hilo, ili kuzidisha kusimletee dereva senti. Wizi wa petroli utaonekana kwenye daftari hilohilo, kwa sababu kilo hupokelewa na mteja na kilomita huandikwa na gari lenyewe.