Mvua ya Machi na mtoto wa miezi 7

Hapa Nakivale mvua ya Machi ikianza kila mama yuko shambani, na mimi darasani naona madawati wazi. Msichana mmoja wa la nne alikosa siku 9. Nikaenda kwao. Nikamkuta na mdogo wake mgongoni, miezi 7, na kikombe cha uji mwepesi kama maji ya kuoshea sahani. Mtoto anataka kutambaa, chini ni matope matupu.

Mama alirudi jioni, maziwa yamelowesha nguo. Hakukasirika. Akasema, "Mwalimu, nisipopanda maharage sasa, Juni tutakula nini?" Kweli sikuwa na jibu.

Jirani yake, naye ana mtoto mdogo, ndiye alisema wapeane zamu: leo mmoja analima, mwingine anabaki na watoto wote. Uji uwe mzito, usidondoke kwenye kijiko, utiwe unga wa karanga au ndakala za kusaga, mara 2 au 3 kwa siku. Kunyonya kuendelee mpaka miaka 2 na zaidi. Na chandarua kishushwe mapema, wapendwa, mbu wameshaanza.

Jumatatu msichana alirudi. Jumatano hakuja. Alhamisi alikuja, daftari limelowa.