Ununuzi wa Chakula Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa: Haki za Mlaji Mwenye Ulemavu

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Haukupita muda mrefu, ndoo za maji tiririka na sabuni ziliwekwa milangoni mwa maduka ya Gerezani na Kariakoo, barakoa zikavaliwa, na wateja wakaombwa wasishikeshike bidhaa. Tahadhari hizo zilistahili kufuatwa. Hata hivyo, kwa mlaji mwenye ulemavu ziligusa msingi wa kila ununuzi, yaani uwezo wa kuhakiki kile anacholipia.

Mtu asiyeona huutambua mchele wenye chenga na nyanya iliyolainika kwa vidole vyake. Kiziwi anayesoma midomo hawezi kuisoma ikiwa imefunikwa. Mtumiaji wa kiti mwendo husukuma magurudumu kwa mikono ileile anayopokelea chakula, na ndoo inayofunguliwa kwa kukanyaga pedali humwacha bila kunawa. Anayeongozwa kwa kushikwa mkono hawezi kukaa mbali na msaidizi wake. Hivyo, mlaji hulazimika kununua kwa macho na mikono ya wengine, na hapo ndipo hasara huweza kuingia.

Milipuko haijatuaga. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera. Ni vyema kila mlaji ajue haki zake mapema.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi dhidi ya mtu kwa sababu ya ulemavu wake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au bei. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inamtaka mfanyabiashara atumie vipimo sahihi vilivyohakikiwa. Hakuna mlipuko unaofuta haki hizi. Muuzaji anaweza kukutaka unawe mikono au usubiri zamu yako. Hali yako ya ulemavu si sababu ya kukunyima huduma.

Unapokuwa dukani

Nunua kwa kilo badala ya fungu au kisado, hasa pale usipoweza kuona au kugusa. Ukubwa wa fungu hubadilika kwa mkono wa anayelipanga, ilhali kilo ni ileile kwa kila mteja. Tuseme umenunua mchele kilo 5 kwa shilingi 2,500 kila kilo, na mizani inapunja gramu 200 katika kila kilo. Utalipa shilingi 12,500, lakini utaondoka na kilo 4 tu. Shilingi 2,500 zimepotea. Uliza kama mizani ina stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, na mwombe muuzaji asome uzito kwa sauti mbele ya msaidizi wako.

Ikiwa huwezi kusikia, mwombe muuzaji aandike bei kwenye karatasi au kwenye simu yako kabla ya kupima. Ikiwa huoni, una haki ya kuelezwa aina ya bidhaa, bei yake na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bei ikipanda ghafla, uliza kama kuna bei elekezi. Aprili 2020, sukari ilipoadimika, serikali ilitangaza bei ya namna hiyo.

Njia za waenda kwa miguu kutoka Kituo cha Mwendokasi cha Gerezani kuelekea Kariakoo husongamana. Nenda asubuhi mapema inapowezekana, na nunua kwa muuzaji anayekufahamu.

Unapomtuma mtu mwingine

Mpe orodha inayotaja bidhaa, uzito na bei ya juu kabisa unayokubali. Mwambie adai risiti na ulinganishe risiti hiyo na mzigo mara ufikapo. Ukilipa kwa simu, mlipe muuzaji moja kwa moja kupitia Lipa Namba, ukihakiki jina la biashara kabla ya kuthibitisha malipo. Namba yako ya siri usimpe yeyote, hata kijana unayemwamini. Wewe ndiwe mlaji, na haki ya kulalamika inabaki kuwa yako hata kama hukufika dukani.

Ukidhulumiwa

Anza kwa kumrudia muuzaji ukiwa na risiti na bidhaa. Asipokusikiliza, malalamiko kuhusu mizani hupelekwa Wakala wa Vipimo. Kuhusu chakula kisicho salama, Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Na kuhusu udanganyifu wa bidhaa au bei, Tume ya Ushindani. Msaidizi wako anaweza kuwasilisha malalamiko kwa niaba yako.

Nanyi wafanyabiashara tunawasihi: wekeni ndoo ya kunawia mahali panapofikiwa na aliyeketi, tamkeni uzito kwa sauti, na andikeni bei kwa maandishi makubwa. Mteja anayehakiki kwa urahisi ndiye anayerudi.