Kabla Kikundi Hakijanunua Mashine ya Kufulia

Tangu umeme wa gridi ya taifa ulipofika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, mazungumzo ya kununua mashine ya kufulia kwa biashara yamekuwa mengi katika vikundi vyetu. Si ajabu. Nyumba za wageni zina mashuka kila siku, mvua zetu huanza Oktoba au Novemba zikaendelea hadi Mei, na udongo wetu mwekundu mnaujua wenyewe ukishaingia kwenye kola ya shati la shule.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Dada nesi, tuchukue ya Ulaya au ya Kichina?" Kwa mtazamo wangu, jina lililoandikwa mbele ya mashine halitoshi kulijibu. Watu wengi bado huliita Toshiba jina la Kijapani, lakini tangu mwaka 2016 biashara yake ya vyombo vya nyumbani iko mikononi mwa Midea, kampuni ya China. Maytag ya Marekani ilisifika kwa mashine zisizoharibika. Whirlpool iliinunua mwaka 2006, na mwaka uliofuata kiwanda chake cha Newton, Iowa, kikafungwa. Jina lipo mpaka leo. Huko huko Marekani, Speed Queen, Huebsch na UniMac, ambazo hutumika katika maduka ya kufulia nguo, ni za kampuni moja, Alliance, yenye kiwanda kikubwa katika mji wa Ripon, Wisconsin. Kwa hiyo mama anayebishana na mwenzake Huebsch na Speed Queen ipi bora, huenda anabishana juu ya rangi tu.

Jambo la kuuliza kwanza ni kazi ambayo mashine ilitengenezewa. Mashine ya nyumbani ikifua mizigo 5 kwa wiki, kwa mwaka inafikisha 260. Ipeleke kwenye biashara, mizigo 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki: hiyo 260 itafika kabla ya wiki ya 6 kwisha. Ndiyo maana karatasi nyingi za dhamana za mashine za nyumbani hukataa matumizi ya biashara. Isomeni kabla ya kulipa, hata kama maandishi ni madogo.

Ugonjwa wake mkubwa ni beringi. Sili inayozuia maji ikichakaa, maji hupenya, beringi inapata kutu, na wakati wa kukamua mashine inanguruma kama lori linalopanda mlima. Katika mashine nyingi za nyumbani za siku hizi, pipa la nje ni plastiki iliyoungwa moja kwa moja, hivyo beringi haibadilishwi peke yake. Lanunuliwa pipa zima. Mashine za biashara huwa na beringi kubwa zaidi, na fundi anaweza kuzifungua. Lakini ni nzito, na nyingi hufungwa kwa boliti kwenye sakafu ya zege. Chumba cha kupanga chenye sakafu iliyopasuka hakiziwezi.

Tena kuna maji. Mashine ya kujiendesha yenyewe hutaka maji yenye msukumo, na tangi lililoinuliwa mita 10 hutoa takribani bari 1 tu. Maji yakiwa na tope, kile kichujio kidogo cha nyuma huziba, na mama anadhani mashine imekufa.

Kwa kikundi kinachoanza, mimi ningechagua mashine ya mapipa mawili: moja la kufulia, jingine la kukamulia. Unaijaza kwa ndoo, na fundi anayesuka mota anaielewa. Upungufu wake ni kwamba kwa kawaida haichemshi maji. Hospitali za Uingereza hufua mashuka kwa nyuzi 71 kwa dakika zisizopungua 3, au nyuzi 65 kwa dakika 10. Ninyi basi loweka mashuka meupe katika jiki kwanza, kisha pigeni pasi ya moto pande zote mbili. Pasi hiyo ni muhimu hata kwa mwenye mashine ya bei mbaya, maana yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi za kambani, na buu lake huingia chini ya ngozi ya mtoto.

Mkopo wa halmashauri hauna riba, lakini hurudishwa hata mashine ikiwa imelala kona ya chumba, na mnaodaiwa ni ninyi wote. Kwa hiyo mwambieni muuzaji awaonyeshe kibati cha nyuma chenye nchi ilikotengenezwa, namba ya modeli na nguvu ya umeme. Iandikeni namba hiyo. Kisha pigeni simu Kigoma mjini au Mwanza, kwa duka la vipuri na si kwa muuzaji, mkaulize kama beringi na sili za modeli hiyo zipo. Mkijibiwa kwamba huagizwa, ulizeni huchukua siku ngapi, mkahesabu mtarejesha nini katika siku hizo.